Kamisionere wa Nyumba ya Juu na Nyumba ya Chini

Sitaandika jina lake. Kwanza hakupenda kuandikwa. Pili, huku Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa huku Kongo, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Kamisionere tu, mtu wa kukutafutia nyumba ya kupanga, shamba la kukodi, mtumbwi wa kununua, na kukaa katikati ya mwenye kitu na mwenye kukitaka mpaka wapeane mkono. Makamisionere wako wengi kwenye soko letu. Lakini ukisema "Kamisionere" bila kuongeza neno, kila mtu anajua ni yule wa viatu vya raba nyeupe, anayetembea na kitambaa mfukoni cha kuzipangusa, katika mji ambao hata kuku wana matope mpaka magotini.

Nilifika ya nne sekondari, basi. Hii kaye, daftari langu, niliianza kwa sababu mimi ni sekretere wa komite ya bamama deplase wa kartie yetu, mtaa wetu, yaani sisi tuliokimbia milimani juu ya vita. Nimezoea kuandika yaliyosemwa kwenye reinyo, mikutano yetu. Kuandika muntu ni kazi ingine. Nikisema mazuri yake naona kama ninawadanganya wale aliowakosea. Nikisema mabaya nasikia haya, kwa kuwa nimekula kwake mara nyingi. Basi nitaweka yote, na mahali nitakosea, ni akili yangu ndogo.

Nianze na mlango, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa milango.

Akifika kwako, alikuwa anasimama hatua mbili mbali, anapangusa raba, anainua kichwa na kuuliza: "Kuko bantu?" Hata kama umekaa pale kizingitini unachambua mchele na anakuona kwa macho yake. Batoto wangu walikuwa wanamjibu kwa kumchokoza: "Hapana! Kuko mbuzi!" Naye: "Basi mbuzi nazo nazisalimia. Yambo mbuzi." Ndipo anaingia. Nilidhani ni mchezo wake tu, kama wengine wanavyokohoa kabla ya kuingia.

Lakini siku ya kwanza nilipomwona hakubisha hodi kabisa.

Tulikuwa tumeshuka milimani juzijuzi, mimi na batoto wanne, na tulipata chumba kimoja karibu na ziwa. Mume wangu alibaki nyuma kuangalia mihogo na hakutufikia tena. Sitaandika juu ya hilo leo. Ilikuwa saa ya mchana, tunakula bugali na sombe, majani ya mihogo. Mlango ukasukumwa. Akaingia mtu wa raba nyeupe, nyuma yake bwana mmoja na mama mmoja wa kitenge kizuri, na yule mtu alikuwa ameshainua kidole kwenye manjanja, mabati ya paa, anasema, "Haivuji hata tone." Yule mama akatuona sisi watano tumezunguka sahani. Akasema "Eh!" na kujifunika mdomo kwa mkono. Akageuka, akatoka. Hata hakuangalia lile paa.

Ile "Eh" ilinikaa moyoni miaka. Nilijua maana yake: mama wa mji ameona umaskini wetu, umemchukiza. Nilimchukia mtu ambaye hata sijui sura yake. Niliiandika kwenye kaye, kwamba dharau ina sauti fupi.

Kamisionere alituambia, "Poleni, kuleni, kuleni," akawafuata wateja wake. Mwenye nyumba alikuwa anatafuta mpangaji mwingine bila kutuambia. Siku mbili baada ya hapo Kamisionere alirudi peke yake, akasimama nje, mbali kidogo, na hapo ndipo nilisikia kwa mara ya kwanza: "Kuko bantu?"

Sikumjibu. Alisimama mpaka nikatoka.

Jambo la pili ni nyumba mbili, na hili lazima nilieleze vizuri, kwa sababu siasa yake yote ya Amerika ilitoka hapo.

Mwenye ile nyumba ya ziwani, tuiite Nyumba ya Chini kama alivyoiita yeye, alikuwa mkali. Alikuja siku moja akang'oa mlango akaenda nao begani, ili tutoke wenyewe. Nikamwendea Kamisionere sokoni. Akanitafutia nyumba ingine, kule juu karibu na barabara. Mwenyewe mama mnene, mcheshi, aliwapa batoto ndizi siku ile ile. Nikafurahi, nikasema nimetoka utumwani. Mwezi ulipoisha, nani alikuja kuchukua pesa ya nyumba? Yule yule wa kung'oa mlango! Yule mama mcheshi ni dada yake. Parseli yote, yaani kiwanja chote, cha juu na cha chini, ni ya familia moja, na anayezunguka kwa wapangaji ni yeye.

Nilishuka sokoni na hasira, hata kitambaa cha kichwa sikufunga.

"We Kamisionere! Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Na ulinyamaza?"

"Uliniuliza vyumba ni ngapi. Uliniuliza choo iko wapi, maji iko karibu. Hukuniuliza parseli ni ya nani."

"Mi ningeuliza namna gani? Mi natoka milimani, kule kila muntu analala kwake!"

Watu wa soko wakacheka, na nafikiri walinicheka mimi. Yeye hakucheka. Alisema tu, "Sasa unajua. Siku ingine anza na parseli."

Alipata chake kwangu na alipata chake kwa wale ndugu wawili. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Lakini na hii ni kweli: Nyumba ya Juu ilikuwa nzuri kuliko ya Chini. Paa halikuvuja, na yule dada alitupa chumvi tulipokosa. Tofauti ilikuwepo. Mtu asiseme haikuwepo.

Basi kule port, bandarini, vijana wanaosubiri mitumbwi ya kwenda Ubwari walikuwa na kawaida ya kubishana juu ya Amerika. Mtu wa mbali akisikia atacheka: vijana ambao hawajafika hata Uvira, mji wa jirani, wanabishana nani atashinda kule, wa chama hiki ao wa chama kile. Lakini asicheke. Nyuma yetu mlima, na mlimani bunduki. Mbele ziwa, na ziwa linafungwa siku ambayo jeshi linataka. Barabara ya Mboko iko na vizuizi, kila kimoja na kamba yake na mdomo wake wa kula pesa. Mtu aliyefungiwa hivyo anasikiliza kila sauti inayopita nje, kama ndiyo ya mwenye ufunguo. Na kila uchaguzi wa Amerika tulikuwa tunasema: huyu mupya ataikaripia serikali ya nchi jirani, bunduki zitaacha kuvuka mpaka, tutapanda milimani kwetu.

Kamisionere alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tairi. Aliisikiliza kuliko wote. Na vijana wakishangilia, aliuliza: "Imeshinda Nyumba ya Juu ao Nyumba ya Chini?" Hivyo ndivyo alivyoviita vile vyama viwili.

"Ya Juu, Mzee!"

"Basi mtapata manjanja mazuri."

"Mzee, na we unaharibu kila kitu!"

"Mi siharibu. Mi nauliza parseli."

Siku moja nilimwomba anielezee pole pole, kama anavyoeleza mtu wa kijijini. Tulikuwa kwenye kibanda cha mama wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, na Kamisionere anapunga nzi kwa kofia.

"Mupangaji akiingia," alisema, "anakuta nini? Anakuta meza, anakuta kitanda, anakuta mbwa wa pale. Anaweza kubadilisha pazia. Na kuko muntu anakuya kila mwisho wa mwezi. Ule alianza kukuya zamani, anajua mlango gani haufungi. Mupangaji mupya anamuuliza: yule jirani ni wa namna gani? Na wale ba kule chini ya mlima, ni banani? Ule anamujibu. Atajibu namna gani? Kama anavyotaka ule anayemulisha. Sasa, mama Sekretere, kwa ile nyumba ya Amerika, nani anaelezea habari ya Fizi, huku kwetu?"

"Sijui."

"Mi pia sijui. Lakini si muntu wa Fizi."

Niliona kama amenifunga kwa kamba. Nilijitahidi kutoka. Nikamwambia: mbona huyu wa mwisho alikata misaada, magunia ya unga hayakuja tena, kituo cha afya kikabaki na mbao tupu, na yule wa kabla yake alikuwa analeta? Hiyo si tofauti? Mtoto wa jirani yangu alikosa dawa, mimi nilikuwa pale. Usiniambie ni sawasawa.

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli, hakukujibu tu ili ashinde. Alisema, "Una haki. Mupangaji mumoja anapika, anagawa. Mwingine hapiki. Kwa mwenye njaa hiyo ni tofauti kubwa." Akaendelea: "Lakini wakati ule wa unga, bunduki ziliacha kuvuka?"

Hazikuacha. Lazima niandike kwamba hazikuacha.

Sasa nifike kwenye barua. Kitu chote tulichokuwa tunataka, sisi bamama wa komite, kilikuwa kimoja: kurudi juu. Mashamba yetu yako kule, makaburi yetu yako kule, na kwangu mimi kuko kaburi ambalo sijui kama lilichimbwa. Kwa hiyo tuliandika kwa wakubwa wa Amerika, kwa kuwa kila mtu alisema wao wakikunja uso jirani anasikia.

Barua ya kwanza niliiandika mimi, ikapelekwa na mzungu mmoja wa ONG, shirika la misaada, aliyekuwa anarudi kwao. Miezi ikapita, jibu likaja kwa Kifaransa, kutoka kwa deputé, yaani mbunge, wa Nyumba ya Chini. Wanatuhurumia sana, wanafuatilia kwa karibu. Tulicheza siku ile. Mama Prezida wa komite yetu, ambaye ana sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, alilibusu lile karatasi. Halafu nguvu ikahamia Nyumba ya Juu, tukaandika ya pili, na jibu nalo likaja.

Kamisionere aliniomba yote mawili. Akaweka moja juu ya lingine, akayainua kwenye jua, mikono imenyooka kama anaangalia noti.

"Kuya uone."

Mistari ililingana. Mahali jibu la kwanza lilikuwa na huruma, la pili lilikuwa na huruma. Mahali hili lilifuatilia kwa karibu, na lile lilifuatilia. Chini tu, kwenye sahihi, ndipo palikuwa na fujo ya majina mawili yaliyopandana.

"Mupangaji alihama," alisema. "Aliyeandika alibaki."

Nikamwambia labda ndivyo biro, yaani ofisi, zilivyo. Hata ya kwetu kule Fizi-centre inakupa karatasi moja kwa kila shida, wanabadilisha jina tu. Akasema hiyo ni kweli pia. Alikubali, lakini alinirudishia yale makaratasi kama mtu anayerudisha kitu cha marehemu.

Na hapa ndipo sijamwelewa mpaka leo. Alisema barua hazina kazi. Alisema kwa sauti, mbele ya watu, mpaka Mama Prezida akamwambia, "Kama hauna dawa, usitukane mugonjwa." Lakini kila mara, nani aliniletea karatasi? Yeye. Karatasi safi, zimefungwa kwenye nailoni zisipate vumbi, na kalamu ya biki mupya. "Andika, mama Sekretere." Nikimuuliza kwa nini, alikuwa anapangusa raba.

Barua ya tatu ilitaka kuvunja komite.

Mnajua kwamba si sisi tu tulioshuka. Wachungaji wa ng'ombe wa upande wa Bibokoboko nao nyumba zao ziliungua, nao wako hapa Baraka, kwenye mahema karibu na kambi ya askari. Kati yao na sisi kuna damu. Sitasema nani alianza, kwa sababu sikuwepo mwanzo, na waliokuwepo kila mmoja ana mwanzo wake. Kamisionere aliwajua tangu zamani. Wakati wa amani aliwatafutia wateja wa jibini na mahali pa kunywesha. Asubuhi moja akaja kwenye reinyo yetu na mama mmoja wa kwao. Akamkalisha kwenye benchi, karibu na mlango.

Mama Prezida alisimama. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Anatia kidole kwenye barua," Kamisionere alisema.

"Bantu yake njo balituchomea nyumba!"

Yule mama alikuwa ameshika mikono magotini. Alisema pole pole, kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, "Na wenu ndio waliokula ng'ombe wetu, pamoja na mtoto wangu aliyekuwa anawachunga."

Nilikuwa na kaye mkononi na sikujua kama hiyo inaandikwa. Niliiandika.

"Vizuri," alisema Kamisionere. "Sasa mmesalimiana. Nisikilizeni, bamama. Mkipeleka barua mbili, kule ziko dirisha mbili. Moja itasema: hawa banalia. Ingine itasema: na bale banalia. Basi bakubwa banasema, ni mambo yabo, bamalizane kwanza. Barua mbili inamusaidia ule muntu wa mwisho wa mwezi. Barua moja inamusumbua."

"We unakula huku na huku!" Mama Prezida alimrukia. "Kwetu unakula, kwabo unakula!"

"Ninakula kote. Lakini ninasema."

Hiyo si kweli sana. Hakuwa anasema kila mara. Mimi mwenyewe nilikuwa shahidi, na nilinyamaza. Reinyo tatu zilipita kabla ya kukubali. Bamama wawili walitoka kwenye komite na hawajanisalimia mpaka leo, na sijui kama hawana haki. Mwishowe vidole vilipigwa wino, vya kwetu na vya kwao, kwenye karatasi moja. Ukiangalia, huwezi kujua ni kipi cha nani.

Ikabaki nani ataipeleka. Hapo ndipo tulijifunza jambo jipya.

Mama Prezida ana binti wa dada yake aliyehamishiwa Amerika kutoka kambi ya wakimbizi. Anasafisha maofisi. Alitutumia sauti kwa simu, tukaisikiliza wote vichwa vimekutana. Alisema kule kuna watu wenye kazi ya kulipwa ili waende kuongea na madeputé, kwa ajili ya yeyote anayelipa. Makampuni ya madini, hata serikali nzima za nchi, za karibu yetu pia. Si kwa siri: wana biro, wana kadi, wameandikishwa kwa daftari la serikali. Na uchaguzi ukipita wanabaki pale pale, kwani wanakula na vyama vyote viwili. Wengine walifanya kazi kwenye wizara na chama hiki, wakafanya na kile, halafu wakafungua biro.

Kamisionere alicheka mpaka akakaa chini. "Ni makamisionere! Bamama, ni makamisionere! Basi mi ni Mwamerika!" Siku ile alitembea soko zima anasalimia watu kwa mkono kama deputé.

Nyuma ya kicheko akashika kazi. Alisema kama nyumba ile inaingiwa kwa kamisionere, nasi tutafute wetu. Pastere wa kanisa la yule binti alimjua mmoja, mtu wa heshima, mwenye kusali. Binti alikwenda kwenye biro yake na nakala ya barua yetu. Yule bwana aliisoma yote, alimpa chai, alisikitika. Halafu akasema hawezi kuibeba, kwa kuwa tayari ana mteja katika sehemu ile ya dunia, na si haki kubeba mizigo miwili inayopigana. Mteja gani? Hiyo hakusema.

Mama Prezida alilia, alitukana. Mimi nilihisi ule mlango uliong'olewa umerudishwa na kufungwa kwa nje. Lakini Kamisionere alitikisa kichwa kwa namna ambayo niliona ni heshima.

"Amefanya vizuri kuliko mimi," alisema. "Amesema kwamba kuko mwingine."

Barua ya tatu imebaki kwenye mfuko wangu. Baada ya hapo tulisikia kwenye redio kwamba makaratasi ya amani yametiwa sahihi kule Amerika, wakubwa wameketi, na madini yetu yalikuwa ndani ya mazungumzo. Vijana wa port walishangilia. Juu kwetu bunduki zilisikika wiki ile ile. Kamisionere hakusema neno la kuwaharibia. Alizima redio, akaifunga tena vizuri kwa ule mpira.

Watu walisema mengi juu yake, nami nipunguze deni la haki. Aliuza shamba moja kwa watu wawili, na alipojulikana alisema amechanganya mipaka, sikumwamini. Aliwapangisha Warundi waliokimbia nyumba ambayo alijua inaingiwa na maji. Lakini maji yalipoingia, alilala nao siku tatu anatoa maji kwa sufuria. Hakunywa pombe. Aliogopa mbwa. Ukiwa na msiba alikuja wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na huko hakutafuta mteja. Hilo hata maadui zake wanalikubali.

Mwaka huu miguu ilimvimba. Aliacha kushuka sokoni, akahamia kwa dada yake kwenye njia ya Mboko. Nilikwenda kumwona baada ya misa, batoto wamebaki nyumbani. Nilifika mlangoni, nikajikuta nimesimama hatua mbili mbali. Nikauliza: "Kuko bantu?"

"Kuko nusu ya muntu," alijibu kutoka ndani. "Ingia."

Raba zake zilikuwa ukutani, nyeupe, hazimtoshi tena. Juu ya kitanda nailoni ya karatasi.

"Andika, mama Sekretere."

Nilichoka. Nilimwambia ukweli: siandiki tena. Nyumba ya Juu imenijibu, Nyumba ya Chini imenijibu, mistari inalingana. Batoto wangu wamekuwa wakubwa hapa ziwani, wa mwisho hajui hata njia ya kwetu. Nitaandika kwa nani?

"Si kwa mupangaji," alisema. "Kwa ule bwana wa chai."

"Kamisionere wa kule? Alishatukataa!"

"Alikataa kutubeba. Hakukataa kusoma. Bapangaji banahama, yeye anabaki. Njo yeye wa kuandikia."

"Tunamuomba nini?"

"Hatumuombi kitu. Tunamuuliza." Alijiinua kwenye kiwiko, akafunga macho ili maneno yaje sawa. "Andika hivi. Bwana, siku unapeleka wateja wako kuona parseli yetu, na unabaonyesha mlima, na madini, na ziwa, unabaambia kuko bantu ndani?"

Niliandika. Nikamsomea. Alisikiliza, akaomba nisome tena. Halafu akageukia zile raba ukutani.

"Ile siku kwako," alisema. "Mlikuwa mnakula sombe."

"Nakumbuka."

"Mi niliwaambia wale bateja ni tupu. Nilijua mko ndani, mwenye nyumba aliniambia. Lakini nyumba yenye bantu haipangishiki vizuri. Nikawaambia, ni tupu, hakuna muntu. Ule mama alishtuka, njo maana."

Nilimwona tena yule mama wa kitenge, mkono mdomoni. Hakutudharau. Ni yeye peke yake siku ile aliyetuona, na ndiye niliyemchukia miaka yote hii. Nilitaka kumkasirikia Kamisionere na hasira haikuja yote. Ilikuja nusu, ikakaa naye pale kitandani.

Nikamuuliza kama hilo nalo niliandike.

Alifikiri kama alivyokuwa anafikiri.

"Andika," alisema. "Lakini lisikuwe chini. Liweke juu kabisa, ajue nani anamuuliza."

Nikachukua karatasi ingine. Barua yetu ya nne haina vidole vingi, iko na kimoja tu, cha Kamisionere, na inaanza hivi: Bwana, mimi pia ni kamisionere, na siku moja nilisema nyumba ni tupu.